Umenunua nyumba Mbeya au Iringa, kumbe ina kosa la kibali: anzia kwenye dalili

Simu iliingia saa moja asubuhi, mvua ya Machi ikipiga bati. Alikuwa mama mmoja wa Ilomba, Mbeya. Kiangazi kilichopita alinunua nyumba ya vyumba vitatu yenye fremu mbili za duka kwa mbele, akahamia, akapaka rangi, akapanda maua getini. Jana yake jioni alirudi kutoka sokoni Mwanjelwa akakuta X nyekundu ukutani, kubwa kama meza.

"Mwanangu, nimelipa mpaka shilingi ya mwisho. Mkataba ninao, mwenyekiti amegonga muhuri, mashahidi wapo hai. Hii alama ni ya nini?"

"Shikamoo mama, pole sana," nilimjibu, kisha nikamwambia jambo ambalo wanunuzi wengi hulisikia wakiwa wameshachelewa: kosa la ujenzi haliondoki na muuzaji, linabaki na nyumba. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inamtaka kila anayeendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango awe na ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Mamlaka ikija kukagua inaangalia jengo lililosimama, na wa kujibu ni yule anayelimiliki leo.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na kusimamia ujenzi, Mbeya na Iringa, na makosa ninayoletewa ni yaleyale kila mwaka. Nimezoea kuyagawa mafungu matatu. Lipo kosa la karatasi, ambalo jengo halina tatizo ila nyaraka hazipo. Lipo kosa la nyundo, ambalo lazima kitu kibomolewe ili kilichobaki kipone. Na lipo kosa lisiloponyeka, ambalo hakuna ramani wala faini itakayolifuta. Kazi yako ya kwanza ni kujua umeangukia fungu gani kabla hujatoa hela yoyote.

Kabla ya kitu chochote

Piga picha alama au barua, tarehe ionekane. Simamisha ujenzi, hata kama fundi ameshachanganya zege. Usipake rangi juu ya alama. Nimeona watu wakifanya hivyo usiku, na alama iliporudi iliambatana na shauri. Ukiletewa ilani, ipokee na usaini. Kusaini si kukiri kosa, na ukikataa kupokea siku zinaweza kuanza kuhesabiwa bila wewe kujua zimebaki ngapi.

Kisha jua uko halmashauri ipi. Swali hili linaonekana la kitoto, lakini linapoteza wiki nzima za watu. Mbalizi ni pua na mdomo na jiji, ila iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, haiko Jiji la Mbeya. Mafinga Mji ni halmashauri yake na Mufindi ni nyingine. Ukikaa kwenye benchi la ofisi isiyo yako, watakusikiliza kwa upole mpaka mwisho ndipo wakuambie faili lako haliwezi kuwa hapo. Muulize mtendaji wa mtaa au wa kijiji kabla hujapanda bajaji.

Jambo la mwisho la kuanzia: weka mezani kila karatasi uliyopewa na muuzaji. Hati au ofa, mkataba wa mauziano, ramani ya nyumba, kibali cha ujenzi, risiti za kodi ya pango la ardhi. Kama kibali hakimo, usijifariji kwamba mbona kodi ya majengo unalipa. Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, na mita ya umeme haiulizi kama nyumba ina kibali. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa nao unathibitisha kwamba mlikaa mkauziana, basi.

Dalili ya kwanza: ukuta umeandikwa X

X ni onyo la kubomolewa, lakini peke yake haisemi kosa. Tafuta maandishi madogo pembeni yake: jina au kifupi cha taasisi, tarehe, pengine namba. Mara nyingi yapo, ila mvua imeyafifisha au fundi ameegemeza mbao juu yake. Rangi nayo ina maana.

*Chanzo kinachoongoza ni hifadhi ya barabara.* Barabara kuu ya Tunduma inakata katikati ya jiji la Mbeya, na upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, umewafanya wengi waanze kupima kuta zao kwa macho. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa barabara kuu na za mikoa. Kabla yake ilikuwa mita 22.5. Hapo ndipo panapochanganya: nyumba iliyojengwa kihalali zamani, nje ya zile 22.5, ilijikuta ndani ya 30 bila kusogea hata inchi. Kwa kawaida X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi, anayetakiwa kuondoka bila fidia, na X ya kijani ni ya aliyefuatwa na ongezeko la hifadhi, ambaye anastahili fidia eneo lake likihitajika.

Unaweza kupima mwenyewe ukapata mwanga. Chukua tepu ndefu ya mafundi, ya mita 50. Ile ya mfukoni ya mita 5 itakupa makosa kila unapoihamisha. Nenda alfajiri ya Jumapili, malori yakiwa machache, uwe na mtu wa pili, na msisimame katikati ya lami hata dakika moja. Pimeni upana wa lami kwenye kivuko, gawanyeni kwa mbili. Halafu pimeni kutoka ukingo wa lami hadi ukuta, tepu ikiwa imekazwa na imelala sawa, mjumlishe. Tuseme lami ina mita 7, nusu yake ni 3.5. Kutoka ukingoni hadi ukutani ni 21.4. Jumla 24.9: umevuka 22.5, hujafika 30. Namba hiyo inabadilisha kabisa mazungumzo yako na ofisi ya barabara, kwa sababu sasa swali ni nyumba ilijengwa lini, na ushahidi wa tarehe ndio utakaoupigania. Kumbuka tu kwamba katikati inayohesabiwa ni ile ya wapimaji wa barabara. Penye upanuzi inaweza isiwe mstari mweupe unaouona, kwa hiyo kipimo chako hakimalizi ubishi.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wa hifadhi yake unategemea daraja la barabara. Waulize wao, usitumie mita 30 kujitisha bure.

*Cha pili ni kukosa kibali*, ambapo alama imewekwa na halmashauri, mara nyingi pamoja na neno STOP au SIMAMISHA. Hii ina matumaini zaidi. Iendee kwenye dalili ya pili.

*Cha tatu ni mto.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Iringa nimelikuta hili bondeni kwa Ruaha Mdogo, upande wa Ipogolo. "Kamwene," nilimsalimia mzee mmoja pale. Aliitika, akanionyesha nyumba aliyoinunua kwa pensheni yake. Eneo lilikuwa vinyungu zamani, bustani za bondeni. Aliyeuza alisema maji yalishahama. Tulichimba shimo la kina cha goti nyuma ya jiko na kabla hatujamaliza kuongea maji yalikuwa yamejaa robo. Kuta za tofali za kuchoma zilikuwa zimelowa mpaka kozi ya nne, chokaa inamenyeka ukiigusa kwa kidole. Baba yule aliniuliza kama kuna ramani ninayoweza kumchorea. Sikuwa nayo, na sikutaka kula hela yake kwa kumpa moyo wa uongo.

Vyanzo vilivyobaki hutokea mara chache: njia ya umeme mkubwa, hifadhi ya reli ya TAZARA kwa watu wa upande wa Iyunga, bomba kuu la maji, au bomba la mafuta la TAZAMA. Na mara moja moja X imewekwa kwa makosa, ilikusudiwa jirani. Hilo linatatuliwa kwa kwenda na picha na namba ya kiwanja kwa walioiweka, ukarudi na barua yao.

Simama hapa: ukithibitisha nyumba iko ndani ya hifadhi ya barabara, mto, reli au umeme mkubwa, usitumie tena shilingi kuikarabati wala kumlipa mchora ramani, mimi nikiwemo. Anayehitajika ni wakili wa ardhi: kwa ajili ya fidia kama unaistahili, na kwa ajili ya kumrudia aliyekuuzia. Ukifikia hatua ya kuishitaki halmashauri au taasisi ya serikali kuna notisi ya siku 90 inayotangulia, kwa hiyo kumtafuta wakili mwezi wa mwisho ni kuchelewa.

Dalili ya pili: umeletewa ilani ya kusimamisha ujenzi

Hii humpata zaidi aliyenunua pagala akataka kulimalizia, au aliyenunua nyumba nzima akaongeza uzio, banda la uani au choo cha nje. Ukaguzi wa kwanza ni wa kusoma tu: ilani inataja sehemu gani ya jengo? Watu wengi wanakimbilia kutetea nyumba nzima wakati karatasi inazungumzia uzio.

Mara nyingi sana kibali hakikuwahi kuombwa. Muuzaji alianza na chumba kimoja na sebule, akaongeza kidogo kidogo kila alipovuna mahindi au alipopata mkopo, na siku ya kuuza nyumba ina vyumba vitano. Mara nyingine kibali kipo ila ni cha jengo jingine: ramani iliyopitishwa ni ya vyumba vitatu, jengo lina vitano na veranda. Kuna kibali kilichoisha muda wake, maana kila kibali kina muda na masharti, na pagala lililolala miaka linakuwa limeupita. Kuna pia kibali cha makazi huku nyumba ikitumika kama baa au bweni la wanafunzi. Na wapo waliojenga sawasawa na ramani, ila hawakumwita mkaguzi wakati wa msingi na linta, kwa hiyo faili lao halina sahihi hata moja ya ukaguzi.

Nenda halmashauri, idara ya ujenzi au mipango miji, ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, uombe faili litafutwe. Kibali kinaweza kuwepo kwa jina la muuzaji au hata la aliyemuuzia yeye. Nimewahi kukuta kibali cha nyumba ya Kihesa ndani ya faili la jirani, namba mbili za mwisho zilipinduliwa. Siku nzima ya kupekua ni rahisi kuliko kuanza upya.

Kama kweli hakipo, njia ni kurasimisha jengo lilivyo. Linapimwa chumba kwa chumba, linachorwa kama lilivyosimama (usikubali mchoraji akuchoree jengo zuri ambalo halipo, mkaguzi atakuja na tepu yake), kisha maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa TAUSI wa serikali za mitaa pamoja na nakala ya hati au ofa na risiti ya kodi ya pango. Mkaguzi anafika. Anaweza kukubali, anaweza kutaka sehemu ibomolewe, na unaweza kutozwa faini. Kama muuzaji hakuwahi kulipa pango la ardhi miaka kumi, deni hilo litakukuta hapo mlangoni, jiandae.

Kila malipo yapitie kontroo namba, bila ubaguzi. Mwaka fulani nilimwachia mtu hela ya faini ya mteja wangu mkononi kwa sababu alinihakikishia "mfumo uko chini leo". Mfumo ulirudi, hela haikurudi, na mteja alilipa mara mbili. Nilimrudishia kwa awamu, ilinichukua miezi. Tangu siku hiyo mfumo ukiwa chini, naenda kunywa chai narudi kesho.

Ukingoja kibali, mazungumzo na mkaguzi yawe ya kweli. Mwonyeshe hata kosa ambalo hajaliona. Wakaguzi nao ni watu. Wanatofautisha mrithi wa kosa na mwenye kosa, lakini wakikukamata ukificha msingi mpya kwa turubai umejitoa mwenyewe kwenye fungu la kwanza.

Simama hapa: kama jengo ni la ghorofa, au chumba kimeongezwa juu ya nyumba iliyokuwa ya chini tu, usirasimishe kwa ramani ya usanifu peke yake. Anatakiwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mchoro uwe wa mtaalamu anayetambuliwa na Bodi ya Usajili ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Dai cheti chake cha mwaka huu ukione kwa macho. Nimefungua zege la linta Mwanjelwa nikakuta nondo nyembamba moja mahali palipotakiwa nne, na juu yake kuna watoto wanalala.

Dalili ya tatu: ramani ya mipango miji haioni nyumba yako

Umeenda na karatasi zote, afisa anafungua ramani, anakuambia hapa pamepangwa shule. Au makaburi, au eneo la wazi. Moyo unashuka mpaka miguuni, najua.

Sababu ya kawaida zaidi ni nafuu: eneo lilijengwa holela kabla ya kupimwa na urasimishaji haujalifikia au haujakamilika. Uliza kwenye mtaa kama zoezi lilifanyika, nani alikuwa mpima, na kama jina la muuzaji limo kwenye orodha. Inayofuata ni kiwanja kilichogawanywa: mwenye hati alikata kipande akakuuzia, bila kuomba mgawanyo upitishwe. Hapo hati ni ya mtu mwingine na nyumba ni yako, jambo linalorekebishika kama mwenye hati yupo na anakubali kusaini, na linalogeuka kuwa jinamizi akifariki kabla. Mfuate mapema, akiwa mzima na mnaelewana.

Kwa walionunua pembezoni, ardhi inaweza kuwa bado ya kijiji. Huko inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hati ni ya kimila, na mauziano yanatakiwa kupita halmashauri ya kijiji. Kama yalipita kwa mwenyekiti peke yake jioni nyumbani kwake, rudi ukaombe muhtasari wa kikao.

Matumizi yakiwa yamekosewa kweli, kwa mfano kiwanja ni cha biashara nawe unaishi, yapo maombi ya kubadili matumizi. Yanachukua muda na yanaweza kukataliwa. Eneo la wazi au la shule, uwezekano ni mdogo mno. Lihesabu kwenye fungu lisiloponyeka mpaka uambiwe vingine kwa maandishi.

Simama hapa: akitokea mtu wa pili mwenye karatasi ya kiwanja hichohicho, acha kila kitu. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa, kisha wakili.

Dalili ya nne: jirani anagomba, ugomvi ni wa mpaka au maji

Huku kwetu mvua haina mchezo. Paa likimwaga maji kwa jirani kuanzia Novemba mpaka Aprili, ukuta wake wa tofali unakula maji miezi sita mfululizo, naye ana haki ya kulalamika. Kabla ya kuita mtu yeyote, simama nje mvua ikinyesha uone maji ya paa lako yanaangukia wapi na yanaelekea wapi. Nusu ya kesi za namna hii nimeziona zikiisha kwa gata, bomba la kushushia na mtaro wa saruji.

Ikiwa ugomvi ni wa ukuta, tafuta bikoni, zile alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji. Nazungumza kwa yaliyonipata. Nyumba yangu ya Isyesye niliinunua ikiwa na uzio mzuri wa tofali za kuchoma, urefu wa kifua. Mwaka wa pili nilikuwa nachimba tuta la maua ndani ya uzio, jembe likalia kwenye chuma. Nilipangusa udongo kwa mikono: nondo fupi ndani ya kisahani cha zege, namba zimekwaruzwa pembeni. Bikoni yangu ilikuwa ndani ya ua, na uzio ulikuwa nje yake sentimita 80, kwenye barabara ya mtaa. Aliyeniuzia alikuwa ameupanua alipojenga, na mimi nilikuwa nimeulipia.

Nilibomoa mita 18. Sehemu iliyojengwa kwa udongo tofali zilitoka nzima, unagonga kwa upande wa nyundo zinaachia. Sehemu ya saruji kila tofali la pili lilikatika. Nilijenga upya ndani ya mstari. Majirani wa barabara ile wana malori ya mbao, na kwa mara ya kwanza yaliweza kukata kona bila kupanda mtaroni.

Kwa hiyo: tafuta bikoni zote nne kwa namba zilizo kwenye ramani ya upimaji. Usimruhusu fundi wala jirani kuing'oa hata ikiwa inakera njia, kwani kung'oa alama za upimaji ni kosa la jinai. Isipoonekana, mpima aliyesajiliwa anairudisha. Baada ya bikoni ndipo upime umbali wa kuta kutoka mpakani ukilinganisha na masharti ya kibali chako. Angalia pia shimo la choo na karo: mara nyingi nyumba iko sawa, shimo ndilo limevuka.

Mkishindwana, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha, halitoi tena hukumu, na lina siku 30. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na kipimo cha mpima mkononi. Bila hicho mtabishana juu ya mgomba uliokuwepo enzi za babu.

Dalili ya tano: nyufa, kuta zinazoegemea, udongo unaosogea

Hapa sina orodha ndefu ya kujikagua, kwa sababu sitaki ukae ndani unajikagua. Aprili 2024 tope la mlima Kawetele lilishuka Itezi, Mbeya, likafukia nyumba. Anayenunua nyumba kwenye mteremko, iwe chini ya Kawetele au chini ya Loleza, au kwenye miinuko ya Iringa, aangalie kwanza nyuma ya nyumba: mlima umekatwa wima? Kuna ukuta wa kuzuia udongo, na una matundu ya kutolea maji? Miti imeinamia upande mmoja? Maji yanatoka mahali ambapo jana hayakuwepo?

Ufa mwembamba wa plasta unaofuata umbo la bati au linta ni kawaida. Ufa unaopita ndani ya tofali zenyewe, unaoingia kidole, au unaokua ukiuwekea alama ya penseli na tarehe, si wa kuziba kwa saruji.

Simama hapa: mvua ikiwa inanyesha na ufa unapanuka, au mlango uliofunga jana leo umegoma, toeni watoto kwanza. Mtaarifu mtendaji na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Kibali mtakiongelea mkiwa hai.

Dalili ya sita: uhamisho au mkopo umekwama

Benki inakataa, au ofisi ya ardhi inarudisha maombi. Angalia deni la pango, kisha kama fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35 zimejazwa na kusainiwa na muuzaji mwenyewe, na kama mwenza wake wa ndoa ameridhia. Kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu visipolipwa hakuna kinachosogea. Na kama mthamini wa benki ameandika kwamba jengo halifanani na ramani, rudi dalili ya pili.

Mama wa Ilomba

Nilifika kwake siku ya tatu. Tulifuta tope kwenye ukuta kwa kitambaa chenye maji, taratibu, mpaka herufi zikaonekana chini ya X: alama ilikuwa ya halmashauri, na mshale ulielekea kulia. Haukuelekea nyumbani. Ulielekea kwenye zile fremu mbili, ambazo muuzaji alizibandika mbele ya nyumba mpaka ukingoni mwa barabara ya mtaa. Nyumba yenyewe ilikuwa na kibali, cha mwaka wa nyuma kabisa, kwa jina la marehemu mume wa muuzaji.

Fremu zilibomolewa kwa siku mbili. Bati na milango aliviuza, tofali alijengea banda la kuku ambalo safari hii aliliombea ruhusa kwanza. Mkaguzi alikuja akapima, akasaini. Mama alitaka kupaka rangi jioni ileile, brashi tayari iko mkononi. Nilimwomba asubiri. Barua ya kuthibitisha kwamba kosa limeondolewa ilitoka wiki iliyofuata, tukaipiga picha, nakala akaiweka pamoja na hati. Kisha akapaka, mara mbili, maana nyekundu ile ilikuwa inachungulia kila rangi ilipokauka.